Mgebuka Hungoja Giza: Kutoka Tabora Hadi Mwisho wa Reli

Alhamisi, Tabora

Nina shughuli ya kiofisi Kigoma siku ya Jumatatu, shughuli ya muda wa saa tatu tu. Nimeondoka nyumbani mapema hivi kwa sababu ya samaki, mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Mke wangu anajua, bosi hajui.

Tabora nimeingia jioni. Mvua za Novemba zimeshaanza kugusa ardhi, vumbi limelala, na miembe imezaa mpaka matawi yanakwaruza mabati ya watu. Husimuliwa kwamba miembe ya huku ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, wale waliotembea kutoka pwani hadi Ujiji na kupumzika hapa Unyanyembe katikati ya safari. Treni ya Kigoma ni kesho jioni, kwa hiyo nina usiku na mchana wa kutafuta cha kula.

Nilikaa baa moja nyuma ya soko, ya viti vya plastiki na taa za rangi zilizofungwa kwenye mwembe. Baa zetu hizi zina utaratibu wake. Kaunta ni ya mwenye baa, jiko ni la mtu mwingine aliyepanga kona ya uani, na kila mmoja ana hesabu yake. Ukimpa mhudumu wa vinywaji pesa ya kuku, utazungushwa mpaka wafunge. Mimi huanzia jikoni, nichungulie sufuria kwa macho yangu, ndipo nitafute kiti.

"Shikamoo mama. Leo kuna nini?"

"Marahaba baba. Kuku wa kienyeji yupo, nyama ipo, nsansa ipo. Kuku wa kisasa hatupiki hapa."

Nikachukua kuku na nsansa. Hayo ni majani ya kunde yaliyochemshwa, yakaanikwa juani yakakauka, kisha yakapikwa kwa karanga za kutwanga. Rangi yake haikuiti mezani, nyeusi inayoelekea kijani, lakini ukishachovya tonge la kwanza kuku anaanza kuonekana kama msindikizaji.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja na bia ya Safari, ya moto, maana ya baridi, alisema, inamuuma meno. Alipouliza kwetu nikamwambia Handeni. Akapiga meza.

"Mzigua! Mtani wangu kabisa! Babu zangu walibeba mizigo mpaka kwenu wakalala njaa. Leo bili hii ni yako."

Utani wa Wanyamwezi na Wazigua ni wa njia ile ile ya misafara, haukubali kukatiwa rufaa. Nikamlipia bia moja, naye akamtuma kijana akaleta kisahani cha matobolwa na karanga. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa mpaka vikakaza. Vikikaushwa vibichi huitwa michembe. Unavunja kipande, unakiweka shavuni pamoja na karanga, unakisubiri kilainike, na utamu unakuja taratibu. Kwa mtu mwenye bia mkononi sijaona kitafunwa kinachomzidi. Bisi za baa za mijini zinaniacha na kiu tu.

"Na Kigoma unafuata nini?" mzee aliuliza.

"Migebuka, babu. Wabichi, kwa mawese, na ugali wa muhogo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mtani, umetazama juu?"

Nikatazama. Upande wa mashariki mwezi ulikuwa umechomoza mkubwa, karibu mviringo kamili. Sikumwelewa, naye hakunieleza. Aliagiza ya pili kwa jina langu.

Ijumaa, Tabora na ndani ya treni

Asubuhi sokoni kununua asali. Asali ya Tabora ni ya misitu ya miombo, imekolea rangi, na wauzaji wanakuonjesha kwa kijiti kabla hujauliza bei. Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, sikwenda. Jua lilikuwa kali na nilishafika zamani.

Treni ikaondoka jioni. Wajerumani waliifikisha reli hii Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo Tabora ndipo njia zinapoachana: moja kaskazini kwenda Mwanza, nyingine magharibi kwenda ziwani, nayo ya Mpanda inachepuka mbele, Kaliua. Usoke, Urambo, Kaliua, majina yanapita dirishani pamoja na mabanda ya kukaushia tumbaku. Kila tunaposimama, nje kuna sauti: mahindi ya kuchemsha, maembe, kuku wa kukaanga, asali ya chupa. Nilinunua mahindi, yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Tulikaa na mama mmoja wa Kasulu, anatoka kumwona binti yake aliyejifungua Urambo. Alikuwa na kikapu, kanga mbili, na maoni juu ya kila kitu. Ugali wa mahindi, kwa mfano, aliufuta kwa sentensi moja.

"Huo ni wa shuleni, mwanangu. Unapikwa kwenye pipa."

Nikamwambia kwetu Tanga tunakula bada, nao ni wa muhogo vilevile, kwa samaki wa nazi. Akaniangalia upya, na tangu hapo nikawa mtu. Tukazungumza muhogo mpaka taa za behewa zikapungua. Kwao, alisema, muhogo wa kutafuna shambani ni ule mtamu, lakini wa unga ni mchungu, kwa sababu hata nguruwe pori na wezi wanaujua uchungu wake na kuuacha ukomae. Ule una sumu, sianidi, na dawa yake ni maji na muda. Unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka unalainika na kuchachuka, unakamuliwa, unaanikwa, halafu ndipo unatwangwa au unapelekwa mashineni. Uchachu ule unaousikia kwa mbali kwenye ugali unatoka hapo kwenye kulowekwa. "Mtu mwenye haraka asipike muhogo," alisema. "Atauguza watu."

Nikamwambia nakwenda kula migebuka wabichi. Naye akatazama dirishani, angani.

"Mh. Labda wa moshi."

Nguruka tulifika usiku mkubwa. Hata saa zile walikuwapo akina mama na vibatari, wanauza samaki wakavu wa Malagarasi. Mto huo na mabwawa yake, pamoja na ya Muyovozi, ndiyo ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Nje ya dirisha sikuona kitu zaidi ya nyasi na mwanga mweupe wa mwezi juu ya maji. Nikalala.

Jumamosi, Kigoma

Uvinza imenikuta macho. Hapa ndipo nchi ya chumvi: maji ya chumvi yanatoka ardhini kwenyewe, na watu wameyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, muda mrefu kabla ya reli na kabla ya misafara. Mama wa Kasulu alituma mtu dirishani, akapewa mfuko. Kisha Kazuramimba, na michikichi ikaanza kuonekana mmoja mmoja, halafu kwa makundi, na vituoni vitu vinavyouzwa vikabadilika rangi. Madumu mekundu. Chupa nyekundu.

Kigoma reli inaishia kweli. Unashuka, unatoka nje ya jengo la stesheni, na ziwa liko pale chini. Nilichukua chumba eneo la Mwanga, nikaoga, nikalala mpaka alasiri.

Baa niliyoielekea jioni nilielekezwa na kijana wa bodaboda kwa swali moja tu: "Wapi wewe mwenyewe unakula?" Haina kibao. Ina uzio wa mabati, sakafu ya kokoto, redio inayopiga rumba ya Kongo, na televisheni ya mechi ambayo sauti yake imezimwa kwa heshima ya rumba. Jikoni nilimkuta mama wa makamo amekaa kwenye kigoda, mbele yake karai na jiko la mkaa.

"Mama shikamoo. Nimetoka mbali, nataka mgebuka mbichi."

"Marahaba. Umetoka mbali na mwezi umekuja nao." Akaelekeza kisu juu. "Wabichi hawapo, baba. Wiki hii watu hawajaingia ziwani."

Ndipo nikapata maelezo niliyonyimwa Tabora. Migebuka na dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Mtumbwi unakaa gizani mbali na nchi kavu, taa inawashwa juu ya maji, vijidudu vya majini vinafuata mwanga, dagaa wanafuata vijidudu, na mgebuka anafuata dagaa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni taa. Samaki hawana sababu ya kukusanyika penye taa yako, na mafuta ya injini ni pesa. Basi wavuvi wanalala makwao, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao, mpaka mwezi uanze kuchelewa kuchomoza. Kalenda ya jikoni kwa mama huyu iko angani, na hakuna bia wala fedha inayoisogeza.

"Kula wa moshi," alisema. "Halafu rudi Jumanne."

Kwa hiyo nikala wa moshi. Anawaloweka kidogo kwa maji ya moto wasiwe wagumu, anawatoa mifupa mikubwa kwa vidole bila kuangalia. Kisha akamimina mawese kwenye karai, nikaona ile rangi, ya machungwa iliyozidi, karibu nyekundu. Akayaacha yapate moto mpaka harufu mbichi ikatoka, lakini hakuyaacha yafuke moshi. Nilimuuliza kwa nini ameyatoa haraka. "Yakiungua yanapauka, yanakuwa meupe kama mafuta ya dukani. Sasa utasemaje umekula mawese?" Vitunguu, nyanya, nyanya chungu zilizopasuliwa mara mbili, pilipili nzima isiyopasuka, samaki juu, kifuniko.

Mimi ni mtu wa nazi. Nazi inalainisha, inaficha makali, inamfanya samaki awe mpole. Nilikuja na wasiwasi kwamba mawese yatakuwa mazito, yatabaki kinywani. Yanabaki, ndiyo. Yana ladha yao wenyewe, ya tunda na ya majani makavu, na hayamfichi samaki hata kidogo. Moshi wa mgebuka ulisimama juu ya mchuzi na nyanya chungu ikauchapa kwa uchungu wake. Ugali ulikuwa mweupe unaong'aa, laini, unavutika. Bada letu hupikwa gumu zaidi. Huu wa Kigoma unaukata kwa kuuzungusha kidoleni, na ukichukua tonge kubwa kwa pupa litakukaa kooni. Dada wa jagi na beseni aliponinawisha mara ya pili maji yakawa ya njano.

Nilikunywa bia mbili. Baridi. Kijana wa meza ya jirani akaniambia mawese na bia ya baridi haviendi, mafuta yanaganda kinywani, niagize ya moto. Ushauri wa bure huo nikaupuuza, ingawa midomo kweli ilikuwa inateleza.

Jumapili, njia ya Mwandiga

Baada ya jana nilitaka kuona yanakotoka. Bodaboda yule yule akanipeleka nje kidogo ya Mwandiga, kwenye banda la kukamulia mawese linalotumiwa na familia kadhaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulishika matairi.

Chikichi huvunwa mkungu mzima. Mtu anapanda mti mrefu kwa kamba kiunoni na panga, jambo ambalo kulitazama tu kulinikausha mate. Mikungu inakaa siku chache ili tunda liachie, matunda yanapukutwa, yanachemshwa kwenye mapipa, halafu yanapondwa. Zamani kwa kinu na miguu, hapa kwa mashine ya mkono yenye mti mrefu ambao vijana wawili wanauzungusha wakitaniana. Kinachotoka ni uji mzito wa rangi ya matofali. Unachemshwa tena na maji, mafuta yanapanda juu, mama anayakwangua kwa kata na kuyatia kwenye dumu kupitia kitambaa.

Hakuna kinachotupwa. Nyuzinyuzi zilizobaki zinawashia moto wa mapipa. Kokwa zinaanikwa, zinapasuliwa, na kiini chake, wao wanaita mise, kinatoa mafuta mengine, ya kutengenezea sabuni. Bibi mmoja alikaa chini ya paa anapasua mise kwa jiwe, moja moja, kasi ambayo macho yangu hayakuiwahi.

Kijana mwenye zamu ya mashine alinipa darasa la mbegu. Michikichi mingi ya wazee ni Dura, gamba lake nene, nyama yake nyembamba, mafuta machache. Ile mipya ni Tenera, gamba jembamba, nyama nyingi. Miche ya Tenera inatoka kwenye kituo cha TARI Kihinga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, humu humu mkoani, tangu serikali ilipoanza kulisukuma zao hili mwaka 2018. Yeye amepanda nusu eka. Baba yake amekataa kung'oa mizee. "Anasema Dura ina harufu," kijana alisema, akicheka. Nikaonja yote mawili kwa kidole. Baba ana hoja, lakini mwenye kulipa ada za shule ni yule mwenye mafuta mengi.

Rangi ile, kwa wanaopenda kujua, ni karotini, ile ile ya karoti, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mafuta ya dukani yanatoka kwenye tunda hili hili mara nyingi, yakiwa yamesafishwa mpaka rangi na harufu vimekwisha. Kwangu mimi huo ni kama msiba.

Jumatatu, Kigoma na Ujiji

Kikao. Kilianza saa tatu, kikaisha saa sita. Mchana chipsi mayai, kwa sababu wenzangu wa kikao hawakutaka kusikia habari za samaki.

Alasiri Ujiji, kwa miguu sehemu na daladala sehemu. Jiwe la kumbukumbu lipo, la Stanley kumkuta Livingstone. Tarehe inayotajwa zaidi ni 10 Novemba 1871. Nilichokipenda zaidi ni mitaa yenyewe: barabara nyembamba, baraza za nyumba, wazee wa kofia na bao, Kiswahili ambacho ukifumba macho unadhani uko Pangani. Watu wa misafara hawakuacha kokwa peke yake. Kwenye mgahawa mmoja niliona watu wanakula kisamvu cha mawese na dagaa, bila baa, bila bia, chai ya tangawizi pembeni. Nikala kidogo. Nimeshiba kupita kiasi toka Alhamisi.

Usiku niliangalia juu kabla ya kulala. Saa nne mwezi ulikuwa bado haujatoka. Kule ziwani, mbali, taa kadhaa.

Jumanne, Kibirizi

Kibirizi niliamkia, saa kumi na mbili na nusu. Mitumbwi haikuwa mingi, ni wale wa kwanza kurudi kazini, wanaofanya kazi kwenye giza la mwanzo wa usiku kabla mwezi haujawaharibia. Mingine imefungwa miwili miwili kwa miti mirefu, wavu unashuka katikati. Akina mama wachuuzi walikuwa wamesimama majini mpaka magotini, beseni kichwani, wanapanga bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

Dagaa walikuwa wengi kidogo. Wanaanikwa hapo hapo. Wengine juu ya mchanga, wengine juu ya chanja za wavu zilizoinuliwa. Ukinunua dagaa wa Kigoma popote nchini, uliza hilo tu: wa chanja au wa mchanga? Wa chanja bei iko juu na ni haki yake. Wa mchanga utawatafuna na ufuko.

Na migebuka. Nilikuwa nimewazoea wakavu, weusi, wamepinda. Wabichi ni samaki wengine kabisa: wembamba, warefu, wana rangi ya fedha mgongoni inayokimbilia bluu, taya la chini limetangulia mbele kwa kiburi. Ukoo wao ni mmoja na sangara wa Ziwa Victoria, lakini wakati sangara aliletwa kule na binadamu katikati ya karne iliyopita, mgebuka ni mzaliwa wa hapa. Hapatikani ziwa jingine. Tanganyika lina kina cha takriban meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini yeye hana haja na kina hicho. Hewa ya oksijeni iko maji ya juu tu, huko chini hakuna samaki. Anaishi katikati ya ziwa akifukuza dagaa.

Nani nilimwona kwenye beseni la tatu, anachagua kwa kubonyeza mashavu ya samaki? Mama wa jikoni. Akaniona.

"Umekuja kunihakikishia? Jioni, baba. Saa moja. Usichelewe, wateja wangu hawana huruma."

Saa moja kasoro nilikuwa kitini. Mama aliwachanja migebuka wake ubavuni, mikato ya mshazari, akapaka chumvi na ndimu, akawaacha kidogo, akawakaanga ndani ya mawese mpaka ngozi ikakaza na mikato ikafunguka. Nusu aliwaacha hivyo hivyo wakavu. Nusu akawarudisha kwenye rojo la vitunguu na nyanya kwa dakika chache tu, pilipili nzima juu. Nikachukua mmoja mmoja.

Meza haikuwa yangu peke yangu. Yule kijana wa bia ya moto alikuwapo, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini akakaa, na mwenye bodaboda wangu akajiunga akiwa na soda, anaendesha. Ugomvi ulianza kabla ya tonge la kwanza. Mzee anasema mfalme wa ziwa ni kuhe: mkubwa, mnono, minofu kama ya nyama, chukuchuku tu na ndimu, hahitaji mawese wala mapambo. Kijana anasema kuhe ni samaki wa hotelini, wa kupigiwa picha.

"Kijana, wewe kuhe umekula mara ngapi?"

"Baba, mimi nakula mgebuka kila siku ya giza. Nahitaji kuhe wa nini?"

Waliponigeukia niseme, nilikuwa na kazi kinywani. Nyama ya mgebuka mbichi ni nyeupe, ina mafuta yake, inaachia mfupa bila kubembelezwa, na miiba yake si ya kukutesa. Yule mkavu wa kukaanga alikuwa mzuri. Yule wa rojo ndiye niliyemfuata kutoka Tanga. Ngozi yake ilikuwa imenyonya mawese ikawa laini upande mmoja na bado inakatika upande wa pili, ndimu inasikika mwishoni, na uchachu mdogo wa ugali wa muhogo unakata uzito wa mafuta kila unapokaribia kuwa mwingi. Hapo ndipo nilipoona kwa nini ugali wa mahindi haufai hapa. Hauna uchachu. Mafuta yangelala juu yake bila wa kuyajibu.

Nikawauliza vitu vilivyoko kwenye sahani vinatoka wapi. Walihesabu kwa vidole, wakinishangaa. Samaki, Kibirizi. Mawese, Mwandiga. Unga, Kasulu. Chumvi, mama mwenyewe akapaza sauti kutoka jikoni: ya Uvinza, ile ya mabonge, anaisaga. Ndimu za nyuma ya nyumba yake. Nyanya tu hakuwa na hakika, zilikuja na lori. Nimewahi kula "samaki wa Kigoma" kwenye hoteli ya maana ya mji mwingine, kwa mafuta meupe, kwa ugali wa sembe, kwa bei ya kunitoa jasho, na sasa najua kilichokosekana. Kilikosekana chote isipokuwa samaki, naye alikuwa amekaa kwenye friza.

Mzee wa bandari alikula migebuka wawili wa rojo, akanyonya na vichwa, akashikilia msimamo wake wa kuhe mpaka tunanawa.

Tulizungumza meli. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isichukuliwe na maadui, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mzee alisimulia kana kwamba alikuwapo kwenye kila tukio. Bia yake nililipa mimi. Sijui nani amewaambia watu wa magharibi kwamba Wazigua ni matajiri.

Jumatano, stendi

Narudi kwa basi, njia ya Uvinza na Kaliua. Mama wa jikoni aliniletea mwenyewe migebuka wa moshi waliofungwa kwenye gazeti, tabaka tatu, na akanionya nisiwaweke karibu na asali. Mawese nimenunua dumu la lita tano kwa yule kijana wa nusu eka. Nilimwomba ya Dura, ya baba yake, akacheka akanitilia.

Kondakta alilitazama dumu, akalinusa kwenye kifuniko, akagoma kuliweka kwenye buti. Nikamwahidi limefungwa kwa nailoni na mpira. Akagoma.

"Kaka, utalipakata mwenyewe mpaka Tabora. Likimwagika huko chini kila begi humu ndani litanuka Kigoma mpaka Pasaka, na watakaonifuata mimi si wewe."

Abiria wa kiti cha pembeni, mama mwenye mtoto, alikuwa amepakata la lita kumi.